Wauzaji kutuandikia inbox kama ndugu zetu: ni ukaribu au usumbufu?

Wakuu habari za jioni, wa Dodoma mbukwenyi.

Juzi asubuhi nipo Sabasaba nasubiri daladala, meseji ikaingia: "Mpendwa dada JINA, tumekumiss sana, mbona umetutupa?" JINA hivyohivyo kwa herufi kubwa. Kijana wa duka kakopi, kapesti, kasahau kuweka jina langu, halafu eti kanimiss.

Nikaona nilete mjadala, maana siku hizi kila mfanyabiashara anaambiwa aongee na mteja mmojammoja, na mimi nawaelewa kwa sababu nauza vitenge. Januari 2018 Facebook walitangaza wanatanguliza posti za ndugu na marafiki, sisi wenye kurasa za biashara tukashushwa chini, ukitaka kuonekana ulipie. Sasa mtu mwenye kifremu Majengo hela ya kubusti anatoa wapi wakati WhatsApp ni bando tu? Ndo tukahamia inbox, hapo sibishi.

Ninachobishia ni huu undugu wa kujipachika. Madalali wa viwanja ndo wamezidi. Nilijaza kitabu cha wageni kwenye ofisi moja hapa mjini, jina na namba ya simu kama kawaida, wiki haijaisha mtu nisiyemjua ananiandikia "dada angu watoto hawajambo? kuna kiwanja Nala, hati ipo mkononi". Watoto gani jamani, sina hata mmoja!

Sasa mama anayeniuzia dagaa pale Majengo, yeye hata hilo neno marketing hana habari nalo. Anatuma vois noti, nyuma unasikia watu wanapigia kelele nyanya, anasema "mwanangu za Mwanza zimeingia, zile za juzi zilikuwa na mchanga nikakuona umenuna, hizi nimezipepeta mwenyewe, nikuwekee sado ngapi?" Basi. Unaachaje kununua? Anakumbuka nilichonunua na kilichoniudhi, na namba nilimpa mimi kwa mdomo wangu.

Shoga yangu mmoja ananibishia, anasema mwenye wateja mia nne atarekodi vois noti hadi lini, si bora broadikasti. Sawa, ila broadikasti ya WhatsApp inamfikia tu aliyesevu namba yako, na mimi naona hapo wametumia akili, kama hajakusevu unamfuata wa nini? Na sheria ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, unayo haki ya kumwambia mtu aache kutumia taarifa zako kukutangazia biashara. Huku sokoni nani anaijua? Mimi mwenyewe nimeijua baada ya kugombana na huyo dalali wa Nala.

Kwa sasa mie naweka status tu, anayependa kitenge anajibu, inbox yako siigusi mpaka uniambie. Mauzo yameshuka kidogo, nisiwafiche, na ndo maana nauliza kweli kabisa: nyie mnaouza mnaomba ruhusa kwanza au mnavamia tu na maisha yanaenda?

Na wewe kijana wa JINA kama upo humu, ule mkoba wa bluu bado upo? Niandikie, ila safari hii jina uweke.