Tupeane uzoefu: siku yako ya kutazama ndege kwenye ardhioevu, na ni nani aliyekuonyesha?

Kwazi wa Entebbe

Salaam wapendwa. Jumamosi nilikuwa kwenye kinamasi cha Mabamba, mara yangu ya nne, na tangu nirudi sijatulia. Tukikutana sisi wapenda ndege huwa tunaishia kutajiana hesabu: mimi nimeona aina arobaini, mwenzangu sitini. Leo naomba hesabu tuziweke kando. Nisimulie siku moja tu uliyokaa kwenye ardhioevu ya hapa kwetu Uganda, na mtu aliyekuwa kando yako akikuonyesha.

Naanza mwenyewe. Nilivuka Nakiwogo alfajiri, nikashuka Buwaya, nikapanda boda hadi gatini. Saa moja asubuhi nilikuwa mtumbwini na mzee mmoja aliyewahi kuwa mwanajeshi, ndiyo maana tulielewana kwa Kiswahili tangu salamu. Nilimwambia wazi kwamba nimekuja kwa ajili ya bulwe, yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye domo kama kiatu. Safari mbili za kwanza sikumwona kabisa. Ya tatu nilimwona akiwa anaruka mbali, mgongo tu.

Mzee akawa anasukuma upondo taratibu kwenye vichochoro vya mafunjo huku akinieleza mambo ya zamani. Alipokuwa kijana akivua kamongo na baba yake, mvuvi aliyekutana na bulwe asubuhi aligeuza mtumbwi akarudi nyumbani, kwa sababu waliamini siku hiyo hatapata kitu. Wengine walimwua kabisa ili mkosi uishe. Leo wajukuu wa mzee huyo wanalipiwa karo kwa fedha za wageni wanaokuja kumtazama ndege yule yule. Alilisema hilo bila kujisifu, kama mtu anayekiri deni.

Kisha akaacha upondo, akanyoosha kidevu. Nikatazama. Mafunjo, yungiyungi, kisiki. Nikainua darubini, nikazungusha huku na kule, sioni. Kumbe kile kisiki ndicho. Ndege anayefika kifuani mwa mtu mzima amesimama mbele yangu, hatua kama arobaini, na mimi namtafuta!

Tukakaa. Dakika ishirini, labda zaidi, hakusogeza hata shingo. Mzee akaninong'oneza: "Usimtazame ndege. Tazama maji." Akanieleza kwamba maji ya kinamasi yana hewa haba, na kamongo ana mapafu, hivyo kila baada ya muda lazima apande juu avute pumzi. Bulwe anaingoja pumzi hiyo. Nikaanza kutazama maji, nikaona vipovu viwili vitatu karibu na miguu yake, na kabla sijamwonyesha mzee, bulwe akaanguka. Naam, hakudonoa kama yangeyange. Alijiangusha mwili mzima, mabawa yakatanuka, domo likazama. Alipoinuka alikuwa amebeba fungu zima la majani na samaki ndani yake. Akatikisa kichwa kushoto na kulia mpaka majani yakadondoka, kamongo akabaki, akameza.

Mikono yangu ilikuwa inatetemeka hata picha sikupiga. Nimekwenda pale mara nne, na bila yale maneno manne ya mzee ningerudi tena nikisema nimemwona ndege amesimama tu.

Haya, karibuni. Na mnaojua majina ya ndege kwa Kiswahili msiyafiche.

Binti wa Bombo

Asante kaka Kwazi. Mimi ni wa Lutembe, ile ghuba iliyo jirani na barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Nilipelekwa na dada mmoja, rafiki yangu wa chuo, katika zoezi la kuhesabu ndege wa majini mwezi wa Januari. Shirika la uhifadhi la NatureUganda ndio wanaoliratibu, na huwa wanarudia Julai. Nilidhani nitapewa kalamu na karatasi nikae nyuma.

Walikuwepo buabua mabawa meupe. Wanatoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, na Lutembe wanajaa mpaka mchanga hauonekani. Nikamuuliza yule dada tutahesabuje viumbe wote hawa. Akanifundisha: hesabu kumi kwa makini. Shika umbo la hao kumi machoni. Pachika umbo hilo mara kumi upate mia. Sasa chukua mia yako, uitandaze juu ya kundi lote kama mtu anayepima kitambaa kwa dhiraa. Nilipofika mia tano, kipanga akapita. Kundi zima likainuka. Jua lilizibika, nakwambia ukweli, na sauti yake ilikuwa kama mvua inayokaribia juu ya mabati. Wakazunguka, wakatua upya, nasi tukaanza moja.

Tulianza upya mara tatu siku ile, wala dada yule hakukasirika hata mara moja. Sasa mwaka wa tatu naenda, na mwaka huu nilikuwa mimi ninayemfundisha mgeni ile hesabu ya kumi.

Msafiri wa Malaba

Mimi nina la kuhuzunisha kidogo, mnisamehe. Niliwahi kuchukua safari ya pamoja na kampuni moja ya utalii, sitaitaja, tukaenda kumtafuta bulwe huyo huyo. Alipoonekana, mitumbwi mitano ilimkimbilia. Mwongozaji wetu alikuwa akimhimiza mpiga makasia asogee, asogee, ili wageni wapate picha ya simu. Ndege akaruka akaenda. Watu wakapiga makofi kwa sababu ameruka! Niliona aibu mpaka leo. Tangu siku hiyo sijarudi, lakini simulizi ya Kwazi imenitamanisha. Nifanyeje nisiingie tena kwenye mambo yale?

Kwazi wa Entebbe

Pole sana ndugu yangu, na umefanya vema kulisema. Usipitie kwa watu wa mjini kama unaweza. Nenda moja kwa moja gatini, chukua mwongozaji wa kikundi cha pale pale, na kabla hujaingia mtumbwini mwambie: mimi sina haraka ya picha, nataka ndege abaki alipo. Wale wazee wanafurahi kusikia hivyo, kwa sababu mara nyingi mgeni ndiye anayewasukuma wasogee. Nenda siku ya katikati ya wiki. Fika mapema kabla jua halijapanda. Vaa nguo za rangi ya majani au udongo, chukua koti la mvua hata kama mbingu ni safi, na jaketi la kuokolea uvae, usilikalie. Sauti za ndege za kwenye simu usizipige. Ndege anadhani mpinzani ameingia, anaacha kiota.

Mkongo wa Isingiro

Bwana asifiwe wote. Mimi naandika kutoka Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi. Watu wengi wakisikia Nakivale wanafikiri hema na foleni ya chakula. Kuna ziwa pia. Ziwa na vinamasi vyake viko kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhioevu, pamoja na Ziwa Mburo, lakini sisi tulipofika hatukujua mambo ya mikataba, tulijua ni mahali pa kuteka maji.

Nilifika na watoto wawili kutoka Kivu. Mwaka wa kwanza sikutazama kitu. Ulikuwa mwaka wa kuinamisha kichwa, waliopitia wananielewa. Jirani yangu alikuwa mzee anayesema Kinyarwanda, mfugaji asiye na ng'ombe tena. Kila jioni alikuwa anakwenda ukingoni mwa kinamasi na fimbo yake, kama vile bado ana mifugo ya kurudisha zizini. Siku moja akaniita: "Papa, njoo uone umusambi."

Walikuwa wanne. Ndege warefu, taji la dhahabu kichwani, shavu jeupe, kifuko chekundu chini ya koo. Ni yule yule wa kwenye bendera ya Uganda. Kwa Kiswahili nimesikia wakimwita korongo taji, na Waganda wanasema ng'aali. Wakaanza kucheza. Mmoja anainama, mwenzake anaruka juu na mabawa wazi, anashuka, anainama naye. Wakaokota vijiti wakavirusha hewani. Mzee alisimama akishikilia fimbo kwa mikono miwili. Akaniambia kwao, alipokuwa mdogo, walikuwa wakicheza hivi karibu na ng'ombe wa baba yake, na kwamba hao ndege hawaulizi mpaka uko wapi.

Sikujibu. Ila jioni iliyofuata nilikwenda naye tena, na nikachukua watoto.

Mzee amefariki. Jumapili baada ya ibada mimi nachukua watoto wa mtaa wetu, kumi, wakati mwingine kumi na watano, tunakwenda ukingoni. Darubini hatuna. Mwanzoni wavulana walikuwa wanatafuta mayai kwenye nyasi, maana njaa ni njaa. Nikawaeleza kwamba korongo taji anataga mayai mawili au matatu tu, na kiota chake anakijenga ndani ya kinamasi hicho hicho wanapopita, na kwamba duniani amewekwa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Mvulana mmoja, ambaye alikuwa hodari wa kutafuta mayai, sasa ndiye anayejua kila kiota na hamwambii mtu. Hata mimi ananificha! Nafurahi kufichwa.

Mwalimu wa Nyendo

Mkongo, nimesoma ya kwako mara mbili. Mungu amrehemu mzee.

Yangu fupi. Sisi wa Masaka tuna kinamasi cha Nabajjuzi, karibu na mji. Iliingia orodha ya Ramsar mwaka 2006, sawa na Mabamba na Lutembe, na maji tunayokunywa mjini yanatoka humo. Nilipeleka darasa la sita. Nilikuwa nimeandaa somo la jinsi mafunjo yanavyochuja maji, na nilitaka wamwone nzohe, yule swala wa kwenye maji. Nzohe hakutokea. Aliyetokea ni ndege mwenye vidole virefu ajabu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi, sile-maua. Ghafla tukaona ana miguu mingi, inaning'inia chini ya mabawa. Watoto wakapiga kelele kwamba ni ndege wa miguu minane. Mlinzi wa pale akatuambia tulie, kisha akaeleza: huyo ni baba, amebeba vifaranga kwapani. Kwa sile-maua jike ana madume kadhaa, anataga na kwenda zake, na kila dume analalia mayai na kulea.

Binti mmoja aliyelelewa na baba peke yake alitazama ndege yule mpaka basi likapiga honi. Somo la mafunjo nimelifundisha wiki iliyofuata darasani.

Kwazi wa Entebbe

Mwalimu, hilo la baba kubeba vifaranga kwapani sijawahi kuliona kwa macho yangu, na nimepita juu ya yungiyungi hizo mara ngapi. Nitamwomba mzee anionyeshe.

Jirani wa Lubigi

Nimekuwa nikisoma kimya kwa sababu mimi sina safari ya kusimulia. Naishi kando ya Lubigi, Kampala, upande wa barabara ya mzunguko wa kaskazini. Tulipohamia, mafunjo yalifika karibu na ua wetu. Mwaka hadi mwaka kifusi kimemwagwa, nyumba zimeota, mihogo na magimbi yamepandwa, na maji ya mvua sasa yanaingia hadi vyumbani mwa watu kwa sababu yamekosa pa kukaa. Kimebaki kipande nyuma yetu, si kikubwa.

Kwenye kipande hicho huja mama mmoja anayesuka mikeka. Anakata mafunjo kwa panga, anafunga matita, anabeba kichwani. Kwa muda mrefu nilimhesabu pamoja na waharibifu. Asubuhi moja nilimwona akifika mahali, anasimama, anazunguka kwa mbali na kuendelea kukata upande wa pili. Nikatoka kumuuliza kwa nini ameruka pale penye mafunjo mazuri. Akaniwekea kidole mdomoni.

Ndani kukasikika sauti kama filimbi, kisha papo hapo sauti nyingine ya kukwaruza ikaijibu, zimeshikana kabisa kana kwamba ni ndege mmoja. "Wako wawili," akaniambia. "Mume anaita, mke anamalizia." Tukangoja. Akatokea pembeni ya shina: mgongo mweusi, tumbo jekundu la damu, utosi wa njano. Nilikuwa nimeishi hapo miaka tisa nikisikia sauti ile kila asubuhi na kudhani ni chura.

Nimeuliza watu, nikaambiwa ni aina ya tiva anayeishi ndani ya mafunjo tu, hana kwingine. Mafunjo yakiisha hahamii mwembeni. Mama yule hajui jina lake kwa kitabu, lakini anajua kwamba wanajenga kila msimu karibu na pale pale, na shina analolikata huota upya likiachiwa mizizi, ndiyo maana hakati yote. Tangu siku hiyo tumekuwa marafiki. Akija ananigongea dirisha na mpini wa panga, natoka na chai mbili, tunakaa kwenye tofali mpaka wale wawili waitikiane ndipo anaanza kazi.

Jumatatu lori limemwaga kifusi kwa jirani wa pili. Jana na leo mama amekuja, tumekunywa chai, tumewasikia wote wawili. Kama kuna mwenye kinasa sauti kizuri humu, naomba aje asubuhi yoyote kabla ya saa moja. Chai ipo.

Binti wa Bombo

Dada, mimi ninacho. Alhamisi nakuja, nielekeze kituo cha kushukia.