Apdeti ya vokoda imeniharibia kazi: nobu hazina namba za maana, konsonanti zimeliwa!

Wakuu, wale wa studio naomba mnisikilize, maana hapa nilipo nina hasira za kung'oa waya.

Kuna plagini (programu ya kuchomeka ndani ya programu ya kurekodia) ya vokoda, ile inayofanya sinthi, yaani kinanda cha umeme, iongee maneno ya mwimbaji. Nimeilipia kwa dola, siyo kraki. Toleo la zamani lilikuwa baya kwa sura, lakini kila nobu ilijieleza: idadi ya bendi, ataki na rilisi (kasi ya sauti kuingia na kuachia) kwa milisekunde, formanti (rangi ya sauti ya mtu) kwa semitoni, na nobu ya mvumo, ile sauti ya hewa ya konsonanti. Imekuja apdeti, vyote vimefutwa. Sasa kuna nobu tatu kubwa zinazong'aa, zimeandikwa “Tabia”, “Ulaini” na “Uhai”, kuanzia 0 hadi 100. 100 ya nini? Milisekunde? Asilimia? Kilo za mchele?

Kilichoniuma zaidi ni mvumo. Vokoda inaigawa sauti ya mwimbaji kwenye bendi za masafa, inapima nguvu ya kila bendi, halafu inailazimisha sinthi ifuate. Sasa noti ya sinthi peke yake haina “s” wala “sh” ndani yake. Lazima uiongezee mvumo kama wa hewa, la sivyo konsonanti zinapotea. Hilo si jambo jipya. Homer Dudley, mhandisi wa Bell Labs, maabara ya simu kule Marekani, alishalijua miaka ya 1930, na mashine yake ya kuongea, Voder, ilipoonyeshwa New York mwaka 1939, mwendeshaji alikuwa anahama kutoka mlio kwenda mvumo kwa kubonyeza na kifundo cha mkono. 1939 jamani! Mimi leo na kompyuta yangu siwezi.

Mteja kaimba kiitikio “usinichoshe, shika chako”. Kinachotoka ni “u-ini-o-e, ika ako”. Akaniuliza, “Broo, mbona kama nimekatwa ulimi?” Nimjibu nini?

Na kazi za zamani ukizifungua, plagini mpya inajipachika humo humo na namba zake za kubuni. Rilisi niliyokuwa nimeibana imekuwa ndefu, maneno yanaburuzana.

Nimewaandikia huduma kwa wateja. Wamenitumia video ambayo jamaa anasema zungusha mpaka masikio yako yafurahi. Hiyo ndiyo huduma.

Kwa sasa najiokoa hivi: nakopi traki ya sauti, nakata kila kitu chini ya kilohezi 5, kinachobaki nakilaza taratibu chini ya vokoda. “Sh” zinarudi. Lakini kama kazi naifanya mwenyewe, hela yangu wameichukulia nini?

Warudishe vipimo, au waturuhusu kudaunilodi toleo la zamani, ambalo wameliondoa hata kwenye akaunti zetu tuliolipa. Mwenye faili lake la kuinstoli aje PM, leseni ninayo. Na asije mtu hapa kuniambia nitumie preseti, ile mipangilio iliyopangwa tayari.