Darubini ya mtumba inanionyesha vitu viwili viwili

Mtazama_Ndege
Wakuu, nimenunua darubini ya macho mawili, 8x30, ya zamani. Muuzaji aliapa haina shida, na dakika tano za kwanza kweli haina. Baada ya hapo macho yanavutana, kichwa kinaanza kugonga, na ndege aliyetua tawini naona kama amebebeshwa mwenzake mgongoni. Nikifumba jicho moja, lolote lile, picha ni safi. Halafu nikimulika tochi bomba la kushoto naona nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Nimefuta lenzi mpaka nikaongeza mikwaruzo (msinicheke). Ni lenzi mbovu au macho yangu ndiyo yamezeeka?

Bawaba
Macho yako mazima. Una magonjwa mawili hapo, usiyatibu kwa dawa moja.

Hiyo ya picha mbili ni prizimu, vile vipande vya kioo vyenye pembe vinavyopinda mwanga. Kila bomba la darubini yenye mabega kama yako lina prizimu mbili, ndizo zinazoigeuza picha isimame wima. Darubini ikianguka mara moja, prizimu moja inasogea kidogo tu na mabomba hayatazami tena mahali pamoja. Zile dakika tano ulikuwa unadanganywa na ubongo wako. Macho yamezoea kugeukia ndani, ndivyo tunavyosoma, kwa hiyo kosa la upande huo unalibeba bila kujua. Lakini jicho moja lipande na jingine lishuke? Hilo hayaliwezi, ndiyo maana kichwa kinauma.

Pima usiku. Iegemeze mahali imara, lenga nyota, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione nukta. Kisha zungusha pete ya jicho la kulia mpaka nyota ivimbe iwe duara. Fumbua yote mawili. Nukta ikitua katikati ya duara, mabomba yanakubaliana. Ikikaa juu au chini yake, ndiyo hiyo. Mchana tumia waya wa mbali uliolala, ila usiielekeze kwenye jua hata kwa mzaha.

Nyingi za aina hiyo zina skrubu ndogo zilizofichwa chini ya ngozi ya bomba, zinazosukuma prizimu. Nyingine hurekebishwa kwa pete za lenzi ya mbele. Usiguse kabla ya kupima, na ukigusa, robo mzunguko ni nyingi. Yangu ya kwanza niliihangaikia siku mbili ikakaa sawa, nikampa mke wangu kwa majivuno. Akaona mbili! Macho yake yamekaribiana kuliko yangu, kwa hiyo alikunja bawaba inayounganisha mabomba, na usawa wote ukapotea. Kumbe nilikuwa nimeisawazisha kwa upana wa macho yangu tu. Ili iwe sawa kwa kila mtu, mabomba yote mawili lazima yaende sambamba na mhimili wa bawaba, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Lenzi_Kavu
Nyuzi hizo ni kuvu, ziko ndani, kitambaa chako hakizifikii. Fundi akifungua atazisafisha, lakini kuvu ikishakula ile rangi ya kuzuia mng'ao, alama hubaki. Ingekuwa wingu laini lisilo na nyuzi ningesema ni mvuke wa grisi ya zamani, huo hufutika vizuri. Ihifadhi pakavu, si ndani ya mfuko wake wa ngozi, maana unashika unyevu.

Mtazama_Ndege
Nimerudi. Nyota: nukta iko chini kabisa, nje ya duara. Skrubu sijagusa, mkono wangu naujua. Muuzaji alibisha kwamba darubini ni nzima, nikamwomba aitazame mwenyewe robo saa bila kuishusha. Amerudisha nusu ya pesa, na anatafuta dawa ya kichwa.