Waliokufa Sudan ni wangapi hasa?

Ndege Tai: Wakuu, nimechanganyikiwa. Vita vya Sudan vimeanza Aprili 2023. Wataalamu wa London School of Hygiene and Tropical Medicine wakasema jimbo la Khartoum peke yake, miezi 14 ya kwanza, wamekufa zaidi ya 61,000. Kipindi hichohicho waliorekodiwa kuuawa nchi nzima ni kama 20,000. Jimbo linazidije nchi? Nani muongo hapa?

Kalamu Kavu: Watu wamekaa kwenye kiyoyozi Ulaya wanahesabu maiti kwa kompyuta. Usichokiona hukihesabu, basi.

Mama Takwimu: Kumbe tatizo ni kiyoyozi. Kwenye utafiti ule wamo Wasudani wenyewe, na majina yametoka kwa watu waliofiwa na kwenye tanzia za mitandaoni. Orodha tatu, wanatazama majina yanayojirudia. Chukua mbili tu, kila moja majina 100. Yakijirudia 80, karibu wote umewapata. Yakijirudia 5, ujue nje kuna umati ambao hakuna aliyeuandika. Hapo kadirio, yaani 100 mara 100 gawanya kwa 5, linafika 2,000.

Kalamu Kavu: Hiyo ni ramli. Mimi mhasibu mwaka wa 19 huu. Nimpelekee mkaguzi majina 195, nimwambie "weka 2,000"? Sifiki saa sita mchana nina kazi.

Jongoo: Mhasibu anatufundisha uaminifu wa namba! Wafanyakazi hewa huwa wanaandikwa na nani, wapishi?

Kalamu Kavu: Jongoo, hunijui. Nitajie mmoja niliyemwandika hewa.

Jongoo: Nimesema wahasibu, sijasema wewe. Aliyeshtuka anajijua.

Ndege Tai: Jamani, swali langu…

Sijali: Swali lako lenyewe bovu, Tai. 61,000 ni vifo vya kila aina. Waliouawa ni 26,000, ndio wa kuwalinganisha na hao 20,000.

Ndege Tai: Bado jimbo limezidi nchi!

Jongoo: Hapo ndipo wanapopigia. Mtu kafa kwa maradhi, anaandikiwa vita. Kongo nako si walisema milioni 6?

Mama Takwimu: Milioni 5.4, kuanzia 1998 hadi 2007, wengi wao kwa maradhi na njaa. Ubishi wake ulikuwa mwingine: bila vita wangekufa wangapi? Ukishusha hicho kiwango cha kawaida, vifo vya vita vinapanda vyenyewe. Wakosoaji waliligusa hilo mwaka 2010, na kwa kweli walikuwa na hoja.

Kalamu Kavu: Ahaa! Umekiri.

Mama Takwimu: Nimekiri ya Kongo, kaka. Khartoum ni hesabu nyingine, soma taratibu.

Binti wa Bahri: Baba yangu hakupigwa risasi. Alikuwa na kisukari, insulini ikaisha, na daraja la kwenda hospitali lilikuwa na wapiganaji. Tulimzika uani usiku, kaka zangu wakichimba kwa zamu, taa imezimwa. Hakuna cheti wala aliyekuja kuuliza jina. Jongoo, unamweka kwenye orodha ipi?

Sijali: Pole sana dada.

Jongoo: Pole, dada. Sikukusudia.

Kalamu Kavu: Mungu amrehemu mzee. Huyo aandikwe, mimi sina ubishi. Ila aandikwe yeye, kwa jina lake. Nanyi mnaosema wahasibu wezi, bado nasubiri ushahidi.