Parachichi: tunajenga moyo au tunakausha mito?

Mwana_Rungwe: Wadau, shemeji yangu aliyeko Ujerumani ameacha kula parachichi. Anasema kilo moja inatumia kama lita 2,000 za maji, na huko Petorca, Chile, mashamba yamenyonya mto mpaka wananchi wanaletewa maji ya kunywa kwa malori. Sasa ananisihi na mimi nisiongeze miche. Mnasemaje? Tuache tunda linalolinda moyo kwa sababu ya Chile?

Kichwa_Ngumu: Mwambie shemeji aanze na nyama. Kilo ya ng'ombe inapita lita 15,000! Halafu hesabu hizo zinajumlisha mvua na maji ya kumwagilia. Petorca ni pakavu, bila bomba hupati tunda. Tukuyu, huko Rungwe, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na maji hayo yangeishia Ziwa Nyasa hata usingepanda mti.

Lishe_Kwanza: Hilo la kulinda moyo lisemwe vizuri. Kuna utafiti wa Marekani wa 2022, watu zaidi ya 110,000 walifuatiliwa miaka 30. Waliokula angalau nusu tunda mara mbili kwa wiki walipata magonjwa ya moyo pungufu kwa asilimia 16. Ila ni watu waliojaza dodoso, si dawa iliyojaribiwa. Na faida ilionekana pale parachichi lilipochukua nafasi ya siagi, jibini na soseji. Ukila chipsi mayai halafu ukaongeza parachichi juu, umeongeza mafuta tu. Mwenye figo mbovu amuone daktari kwanza, potasiamu ya parachichi inaizidi ya ndizi.

Kichwa_Ngumu: Chipsi mayai imeingiaje hapa, dada? Watu tunakula tunachokimudu. Kila mada ya chakula lazima mtu wa kipato cha chini asemwe!

Lishe_Kwanza: Sijamsema mtu. Huko kwenu parachichi ni rahisi kuliko hiyo sahani ya chipsi, ndiyo maana nimetaja.

Mama_Njombe: Kaka, mvua ya mwaka mzima ni ya kwenu Tukuyu. Huku Njombe kiangazi ni miezi mingi na miche ya parachichi aina ya Hass lazima imwagiliwe. Jirani mwenye shamba kubwa ameweka pampu mtoni, sisi wa bondeni ikifika Septemba tunachota tope. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka mtoni usilime. Yeye miti yake inagusa maji.

Kamau_wa_Kandara: Mama ana haki. Hata kwetu, Kimana karibu na Amboseli, kampuni ilizungushia uzio ekari 180 kwenye njia ya ndovu ili ipande avokado, mpaka NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikafuta leseni. Sisi Kenya tuko kati ya wanaouza nje nyingi zaidi Afrika, haya mambo tumeyaona mapema.

Mzalendo_Siha: Mnauza za nani? Parachichi za Njombe na Kilimanjaro zinapita mpakani Namanga, zinapakiwa Nairobi, zinafika Ulaya zikiitwa za Kenya!

Kamau_wa_Kandara: Wacha hizo. Murang'a imejaa miti ya baba zetu. Na China si mlifunguliwa mlango Rais Samia alipoenda Beijing Novemba 2022? Pelekeni zenu.

Mzalendo_Siha: Mlango ni karatasi. Vyumba vya baridi viko wapi? Dalali anakuja na mizani yake, anachagua kubwa, ndogo anakuachia zioze. Na wengi wa hao madalali wanatoka kwenu.

Kamau_wa_Kandara: Hao mabroka wanatuumiza hata sisi, ndugu yangu. Wanavuna changa, tunda linafika Ulaya likiwa mpira, halafu jina linaloharibika ni letu wote.

Mama_Njombe: Mmeshafika Namanga na swali la maji mmeliacha. Nauliza tena: kuna aliyewahi kumshtaki mwenye pampu akasikilizwa? Nianzie kijijini au ofisi ya maji ya bonde?

Mzalendo_Siha: Mama, tutafika huko. Kwanza huyu Kamau aniambie ile mizigo ya Namanga inaandikwa imetoka wapi.