Kayaki ya upepo yenye pedali kwa mawimbi madogo ya Kigamboni: mapezi au propela?

Vitz_ya_Sinza
Wakuu, habari za jioni. Nakaa Sinza ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na gari langu ni Vitz. Kayaki ngumu ya plastiki siwezi hata kuiota. Nataka ya kujaza upepo, tena ya pedali, maana bega langu la kulia liliteguka mwaka juzi kwenye mpira na kasia linaniumiza. Jumapili huwa nashuka Kigamboni, upande unaotazama bahari kuu. Mawimbi ni ya magotini, mara mojamoja ya kiunoni. Shemeji yangu anarudi kutoka Dubai mwezi ujao na amekubali kunibebea. Nimebakiza mbili: moja ina mapezi mawili yanayopepea chini ya tumbo, nyingine ina propela. Ya propela inarudi nyuma na bei yake imepoa. Nichukue ipi?

Mvuvi_wa_Jumapili
Propela mkuu. Ukizungusha pedali kinyumenyume unarudi, samaki akikuvuta chini ya mwamba unajitoa. Mengine ni mbwembwe.

Bi_Maji_Mafu
Salamu kutoka Bamburi. Mimi nimekuwa nazo zote mbili, kwa hiyo naongea na makovu.

Huko nje kwenye kina, zote zinakwenda vizuri. Taabu iko kwenye zile mita thelathini za ukingoni, hasa wakati wa kurudi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na propela. Nikawa narudi, sijapandisha mtambo, wimbi la kiunoni likanishika kwa nyuma. Mguu wa propela ukachoma mchanga, tezi, yaani nyuma ya chombo, ikainuka, chombo kikageuka ubavu, mimi huyo chini yake. Shafti ilipinda. Fundi wa baiskeli Kongowea aliinyoosha, lakini tangu siku ile ilikuwa inalia kama mlango wa banda la kuku.

Mapezi yana faida moja ambayo watu hawaisemi dukani: ukisukuma pedali moja mpaka mwisho mbele, yanalala yakabana tumbo la chombo. Kwenye maji ya magotini unapita. Kampuni ya kayaki ya Hobie ndio walioyaleta mwaka 1997, na matoleo yao ya karibuni yana mapezi yanayojikunja yakigonga mwamba, tena yanarudi nyuma pia. Ukipata ya zamani au ya kuiga, uliza mambo hayo mawili kabla hujatoa pesa. Mwani nao huzonga propela. Mapezi mara nyingi huutelezesha.

Hata hivyo kaka, usivuke mawimbi yanayovunjika huku mtambo umening'inia chini. Utoe, uufunge kwa kamba ndani ya chombo, uzibe tundu lake kwa kizibo (usikisahau nyumbani kama mimi), uinue usukani, upige kasia mpaka upite povu. Ni dakika mbili, bega litavumilia. Kurudi ni hivyohivyo. Na ukipinduliwa, kaa upande wa bahari. Usisimame kati ya chombo na ufuko, kitakubamiza.

Halafu upepo. Chombo cha kujaza hukaa juu ya maji kama jani la mkungu. Usichukue ile ndefu ya watu wawili eti nafasi: ukiwa peke yako omo, yaani mbele ya chombo, linakuwa jepesi na upepo unalizungusha utakavyo. Miezi ya kusi mimi natoka alfajiri, saa nne niko nyumbani nakunywa chai.

Vitz_ya_Sinza
Shikamoo Bi. Nimekuelewa. Je, kujaza? Nimeona wameandika psi 10 (presha ya hewa) kwenye sakafu ya chombo.

Bi_Maji_Mafu
Marahaba. Sakafu ngumu, ile yenye nyuzi ndani, lazima ifike kipimo walichokiandika, la sivyo inabonyea katikati kila ukikanyaga pedali na nguvu zako zinaishia hapo. Psi za mwisho ndizo zinazotoa jasho. Kwa bega hilo tafuta pampu ya umeme ya kuchomeka kwenye gari. Ukifika ufukoni usiiache juani ikiwa imejaa pomoni. Punguza hewa kidogo, joto huikaza. Na chumvi: osha mtambo kwa maji yasiyo na chumvi kila siku, si kesho.

Kijana_wa_Kunduchi
Kabla ya Kigamboni njoo kwanza huku, maji yamelala kwa sababu ya kisiwa cha Mbudya. Ila angalia nyavu asubuhi. Ukizikata utazilipa.

Vitz_ya_Sinza
Asanteni. Nimemwandikia shemeji: mapezi, ya mtu mmoja. Amejibu kwamba kwenye ndege ana kilo thelathini, na kumi na mbili kati yake ni viatu vya watoto. Tunaendelea na mazungumzo.