Mdogo wangu ni mjamzito na anatumia heroini

Swali: Tunaishi Ngarenaro, Arusha. Mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano na anataka kuacha, lakini nyumba ya upataji nafuu (ya kuwasaidia wanaoacha dawa za kulevya) tuliyoiendea hupokea wanaume tu. Je, nimfungie ndani mpaka arosto (maumivu ya kukosa heroini) iishe?

Jibu: Usimfungie, dada, kwani kuacha ghafla kunaweza kuhatarisha mimba. Mpeleke hospitali ya mkoa, aeleze wazi anachotumia na aulizie methadoni, dawa ya kutuliza arosto inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011.

Jibu: Mimi nilinyonyesha nikiwa kwenye methadoni. Kilichonishinda mwanzoni ni nauli (na macho ya majirani), hadi wenzangu wa kikoba walipopanga zamu za kunisindikiza, mmoja akimbeba mwanangu mgongoni.

Muulizaji: Asanteni. Tunakwenda kesho alfajiri. Ameshaniomba kanga ya kujitanda.